Sokwe ana daftari, mkoko una sherehe

Lindi na Mtwara hakuna sokwe. Tulio nao ni nyani, tumbili na kima. Sokwe wa Tanzania wako magharibi, Gombe, Mahale na kwenye misitu iliyo jirani na hifadhi hizo, ukiacha wale waliopelekwa kisiwa cha Rubondo miaka ya 1960. Mkoko nao huwezi kuukuta Kigoma, kwa sababu ni mti wa maji chumvi. Kuwaweka wawili hawa kwenye mizani moja kunaweza kuonekana ni kulazimisha mambo. Lakini lipo swali ambalo halijibiki vizuri bila kuwalinganisha. Nchi hii inaweza kukutajia sokwe wa Gombe kwa majina, pamoja na mama zao na miaka waliyozaliwa. Imekuwaje basi, ukiuliza miche ya mikoko iliyopandwa mwaka juzi kwenye ghuba fulani ya kusini imebaki mingapi, mara nyingi hakuna wa kukujibu?

Mkoko ninaouzungumzia ni ule wenye mizizi ya magongo, Rhizophora mucronata kwa jina la kitaalamu. Pwani yetu ina ndugu zake wengi: mchu, mlilana, msinzi, mkandaa, kikandaa, mkomafi, msikundazi. Tofauti zao zitatuhusu mbele, maana sehemu kubwa ya makosa ya upandaji hutokana na kuzipuuza.

Tuanze na uzazi, kwa kuwa hapo ndipo viumbe hawa wanapokaribiana kuliko mtu anavyotarajia. Sokwe jike hubeba mimba kwa takriban miezi minane na kuzaa mtoto mmoja. Mapacha ni nadra. Mtoto huishi amejishikiza kwenye manyoya ya tumbo la mama, baadaye hupanda mgongoni, na hunyonya hadi afike miaka minne au mitano. Kwa hiyo jike ambaye mtoto wake yu hai huzaa tena baada ya miaka mitano au sita. Porini hupata mtoto wa kwanza akiwa na miaka 13 hadi 15. Piga hesabu: akiishi mpaka miaka 40, atazaa watoto watano hivi, na si wote watakaokua. Fifi wa Gombe alizaa tisa, ndiyo maana anatajwa hadi leo. Mtoto akifiwa na mama mapema, kuacha kunyonya peke yake hakumwokoi. Flint, mdogo wake Fifi, alikuwa na miaka minane na nusu mama yao Flo alipokufa mwaka 1972. Kujitafutia chakula aliweza. Lakini alijitenga, akakataa kula, akadhoofu, na baada ya wiki chache naye akafa.

Sasa utazame mkoko. Miti mingi huangusha mbegu iliyolala, inayosubiri unyevu ili iote. Mkoko hausubiri. Ndani ya tunda lake la kahawia, lenye urefu wa sentimita tano hadi saba, mbegu huota ikiwa bado juu ya tawi na kutoboa tunda kwa chini. Kinachojitokeza ni kijiti cha kijani chenye vipele vidogo, kinene kuelekea chini na chenye ncha, kinachorefuka kikining'inia kwa mama mpaka sentimita 40 au 50, wakati mwingine zaidi. Muda wote huo mama ndiye anayekilisha, na mizizi ya mama ndiyo inayozuia sehemu kubwa ya chumvi isikifikie. Tangu chipukizi la ua litokeze hadi kijiti kidondoke hupita zaidi ya mwaka. Kikianguka maji yakiwa yamekupwa kinaweza kuchoma tope na kusimama palepale. Maji yakiwa yamejaa, huelea kwa kulala, kisha polepole mwisho mzito hushuka kikawa kimesimama ndani ya maji, tayari kushika tope popote kitakapogusa. Kinaweza kusafiri hivyo kwa wiki nyingi kikiwa hai.

Mama wote wawili, basi, humtoa mtoto akiwa ameshaanza maisha. Wanapoachana ni kwenye idadi. Mkoko mkubwa hudondosha mbegu nyingi mno, msimu baada ya msimu, na unaweza kupoteza karibu zote kwa kaa, kwa wimbi na kwa jua, bado msitu ukaendelea mradi chache zipate mahali panapofaa. Sokwe jike hawezi kupoteza watoto wawili mfululizo bila pengo hilo kuonekana kwenye kundi kwa miaka kumi na zaidi.

Tofauti hii ndiyo inayopaswa kuamua namna ya kuwalinda. Kwa sokwe, kila mnyama mmoja ana uzito, kwa hiyo ulinzi wa kweli ni wa mmoja mmoja: kumfuatilia, kumkinga na mtego, kumkinga na kikohozi cha mgeni. Ndiyo sababu wageni wanaokwenda kuwaona hutakiwa kuvaa barakoa na kukaa umbali wa mita kadhaa. Ugonjwa wa kupooza uliwapiga sokwe wa Gombe mwaka 1966, na magonjwa ya mapafu yamewaua mara kadhaa tangu hapo. Kwa mkoko, uzito hauko kwenye mche mmoja. Uko kwenye vitu viwili, miti mama iliyosimama na tope lenye kimo sahihi kwa maji. Ukivilinda hivyo viwili, miche itajileta. Ukivipoteza, hata upande laki moja utakuwa unalisha bahari vijiti.

Kuna wanaosema kulinganisha huku ni kumshusha sokwe. Sikubaliani, ingawa hoja yao ina msingi. Sokwe ana maumivu, ana hofu, anaomboleza, na sehemu kubwa sana ya chembe zake za urithi inalingana na yetu. Anayeua mama ili aibe mtoto ametenda ukatili ambao mkataji wa mkoko hajautenda. Sisemi mti na mnyama vina haki moja. Ninachosema ni kwamba huruma tuliyo nayo kwa mwenye uso imezaa kazi makini, na asiye na uso amebakiwa na hotuba.

Orodha ya kimataifa ya viumbe, inayotunzwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, nayo inachangia bila kukusudia. Sokwe yuko kundi la walio hatarini kutoweka, na wa Tanzania wanakadiriwa kuwa kati ya 2,000 na 3,000. Mkoko uko kundi la wasiwasi mdogo, na kwa kipimo cha orodha hiyo ni sahihi, maana unapatikana kuanzia Afrika Mashariki hadi visiwa vya magharibi mwa Pasifiki. Lakini Ghuba ya Sudi, huku Lindi, ikigeuka kipara, spishi haitakuwa imetikisika hata kidogo. Kitakachokuwa kimeondoka ni mkoko wa Sudi: mahali kamba wadogo wanapojificha, mashimo ya kaa koko anayekamatwa na kunenepeshwa kwenye vizimba, mizizi inayopunguza nguvu ya wimbi kabla halijafika kwenye nyumba. Mwaka 2019, mwezi Aprili, kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma. Mwambao huu hauna tena sababu ya kudhani vimbunga ni vya watu wengine.

Na si eneo dogo. Hesabu iliyofanywa kwa ajili ya mpango wa usimamizi wa mikoko wa mwaka 1991, kazi aliyoiongoza Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliipa Tanzania Bara takriban hekta 115,000 za mikoko ya aina zote. Delta ya Rufiji ilichukua karibu nusu. Kilwa ilikuwa na zaidi ya hekta 22,000, Mtwara karibu 9,000, Lindi zaidi kidogo ya 4,500. Mikoko yote ya Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali tangu enzi za ukoloni, na leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Upande wa Mtwara sehemu yake imo pia ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Karatasi za ulinzi, kwa hiyo, zipo za kutosha.

Tatizo la kwanza liko kwenye shoka. Mchu ukikatwa huchipua kwenye kisiki. Baada ya muda una fito mpya. Mkoko hauchipui. Macho ya akiba kwenye matawi yake ya zamani hufa mapema, na ukikata chini ya sehemu yenye majani, mti huo umekwisha. Mkataji wa boriti anautaka mkoko ulionyooka, wa makamo, kwenye ukingo wa kijito ambako mtumbwi unafika kirahisi. Huo ndio mti mama hasa, kwa sababu mbegu inayoangukia kijitoni ndiyo inayobebwa mbali. Mchoma chokaa na mchemsha chumvi wao hawachagui sana, mradi kuni ni nzito na zinatoa moto mkali. Na mkoko hutoa moto mkali. Nikilazimika kuchagua sheria moja ya kijiji kuhusu ukataji, ningechagua hii: mkoko wenye mbegu zinazoning'inia, ulio ndani ya mita kumi za kijito, usiguswe na mtu yeyote, awe na kibali au hana. Ni rahisi kuikagua kwa macho, tena ukiwa ndani ya mtumbwi.

Tatizo la pili ni upandaji wenyewe, na hapa nitakaa.

Kanda hii imelelewa na korosho, na mazoea ya korosho yameingia topeni. Mkorosho unachagua shamba, unapima mita 12 kwa 12, unachimba, unapanda, unapalilia. Shamba halisogei. Kwa mkoko, tofauti ya sentimita 20 za kimo cha tope inaamua kama mche utaishi au utazama, na wimbi la kusi linaweza kubadili kimo hicho ndani ya msimu mmoja. Sherehe ya upandaji, kwa bahati mbaya, huchagua mahali kwa vigezo vingine: gari lifike, wageni wasizame sana, picha ionyeshe bahari nyuma. Matokeo yake miche hupandwa kwenye tope tupu la mbele, lililo wazi kwa wimbi, mahali ambapo mkoko haukuwahi kuota. Mara nyingine hupandwa juu ya nyasi bahari, ikawa hasara mara mbili, kwani nyasi zile ni malisho na mazalia kwa haki yake.

Swali la kwanza kabla ya kuokota mbegu hata moja ni kwa nini hapa hapana miche. Kama kuna miti mama jirani na maji yanaingia, mbegu zinafika. Zikifika zisiote, kuna kitu kinachozizuia, na kitazizuia pia zile za kwako. Sababu huwa chache, nazo zinaonekana.

Ya kwanza ni kimo. Nenda wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, si wakati wa bamvu, inapojaa na kupwa kuliko kawaida. Kama hata katika maji mafu eneo linafunikwa kwa saa nyingi, huko ni chini mno kwa mkoko. Mlilana ndio unaovumilia zaidi ukingo huo wa bahari. Kama maji hufika wakati wa bamvu kubwa tu, huko ni juu mno. Ni kwa mchu na kikandaa. Mkoko unataka katikati, tope laini linalofikiwa na maji karibu kila siku lakini linalopata pia muda mrefu wa hewa. Mizizi ile ya magongo ina vitundu vya kupumulia, na ikifunikwa na maji au mchanga bila nafasi mti hukosa hewa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilionyesha hilo vibaya Kenya, kwenye kijito cha Mwache karibu na Mombasa, ambako udongo uliosombwa na mafuriko uliifukia mizizi na mikoko ikakauka eneo kubwa.

Ya pili ni maji yaliyozuiwa. Huku kusini mfano wake mkubwa ni mabwawa ya chumvi yaliyoachwa. Mwenye bwawa alikata mikoko ya nyuma, akajenga tuta, akavuna chumvi miaka kadhaa, akaondoka. Tuta limebaki. Ndani, maji ya bamvu yakiingia hayatoki vizuri. Yanakauka juani na kuacha chumvi ikilundikana. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Chini ya udongo wa bwawa kama hilo unaweza kukuta zaidi ya mara mbili. Ukipanda mkoko pale, utatoa majani mawili au manne, kisha utadumaa na kukauka. Kinachotakiwa ni sururu. Tembea eneo hilo siku ya bamvu na ufuate maji yanapojaribu kupita. Hapo ndipo kijito cha zamani kilipokuwa. Bomoa tuta mahali hapo, chini mpaka usawa wa sakafu ya kijito cha nje, kwa upana usiopungua ule wa kijito chenyewe, maana tundu jembamba huleta mkondo mkali unaochimba na kuondoa tope. Kisha subiri msimu mmoja au miwili mbegu zidondoke. Mahali ambapo miti mama iko jirani, mara nyingi hutahitaji kupanda chochote. Mchu ndio utakaotangulia, halafu mkandaa, mkoko utafuata kando ya kijito.

Ya tatu ni kwamba mama hawapo tena. Hapa, na hapa tu, upandaji ndio dawa.

Mbegu ichumwe mtini au iokotwe ikiwa mbichi chini ya mti. Dalili ya kukomaa ni pete ya njano iliyofifia inayotokea kati ya tunda na kijiti. Ukikizungusha kidogo kinachomoka bila kuvunjika. Kisichotoa pete kiache. Kilichochomolewa kwa nguvu hubaki na jeraha juu, pale chipukizi linapopaswa kutokea, na huoza. Kataa chenye matundu ya wadudu, chenye ncha iliyovunjika na kilichosinyaa. Usichanganye na za ndugu zake: mbegu ya mkandaa ni nyembamba na ina michirizi ya urefu, ya msinzi ni fupi na nene na huanguka na kofia yake nyekundu ya vidole vingi. Zikichanganywa kwenye gunia moja, zitapandwa kimo kimoja, na moja kati ya hizo tatu itakuwa mahali pasipo pake.

Zihifadhi kivulini, zilale, zikiwa zimefunikwa gunia linalorowekwa kila siku, na zipandwe ndani ya wiki moja au mbili. Kuna faida ya kuzikalisha siku kadhaa. Kaa wadogo wa topeni hupenda kijiti kibichi kilichotoka mtini. Humzunguka mche na kuutafuna ganda mduara mzima karibu na usawa wa tope, na mche hufa ukiwa bado umesimama. Ukiinama kuutazama utauona umebaki kijani juu na mweupe kwenye mkanda ule ulioguguniwa. Kijiti kilichokaa kivulini mpaka ganda likakauka kidogo huwavutia kaa hao kwa kiasi kidogo zaidi.

Kupanda kwenyewe hakuhitaji jembe. Shika kijiti, ncha iwe chini, kizamishe wima theluthi moja ya urefu wake. Kikizidi hapo kinaweza kukosa hewa. Kikipungua, maji ya kwanza yatakibeba. Usikigeuze kichwa chini, kosa ambalo hutokea kila panapopanda umati ambao haujaelekezwa. Nafasi ya mita moja kwa moja inakupa miche 10,000 kwa hekta, mita moja na nusu miche 4,444, mita mbili miche 2,500. Mita moja inafaa mahali penye wimbi kiasi. Mita mbili mahali palipotulia na penye miche mingine ya asili. Anza siku za maji mafu ili miche ipate siku chache za kushika kabla bamvu halijaja.

Tazama hapo idadi inavyodanganya. Tangazo la miche 10,000 linasikika kubwa. Ni hekta moja. Kilwa peke yake ilihesabiwa na zaidi ya 22,000. Kama mwaka huohuo shoka liliondoa hekta mbili za miti mama mahali pengine, tumekwenda nyuma, na hakuna aliyeandika.

Ndipo tunaporudi kwa sokwe. Mtafiti Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960. Toshisada Nishida wa Japani alianza Mahale mwaka 1965. Kilichoutofautisha utafiti wao na kazi nyingine nyingi hakikuwa vifaa. Ni kwamba daftari halikufungwa. Mwezi Mei 1975 wanafunzi wanne wa Gombe walitekwa na waasi waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na watafiti wa kigeni wakalazimika kuondoka. Walioendelea kuwafuata sokwe na kuandika walikuwa Watanzania, wengi wao wenyeji wa vijiji vya Kigoma. Tangu siku hizo wao ndio nguzo ya kumbukumbu zile.

Daftari hilo halikumwokoa kila sokwe, na tusidanganyane. Gombe ilikuwa na sokwe takriban 150 miaka ya 1960. Sasa wako karibu 100. Lakini kwa kuwa kila kifo na kila kuhama kuliandikwa, ilieleweka kwamba mzizi wa shida uko nje ya mpaka: magonjwa yatokayo kwa watu, na misitu ya vijiji iliyokatwa mpaka hifadhi ikabaki imezingirwa. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE, ulioenda vijijini kushughulikia ardhi, kuni na maisha ya watu. Bila kumbukumbu, wangeendelea kuongeza walinzi ndani ya hifadhi na kushangaa.

Mkoko wa kusini unahitaji daftari la namna hiyo, ila si la mti mmoja mmoja. La eneo. Pima kiwanja cha mita 10 kwa 10, weka vigingi vya chuma au bomba la plastiki kwenye pembe nne, na viwanja vitatu vya namna hiyo vipangwe kwa mstari kutoka ukingo wa bahari hadi nchi kavu. Ndani yake andika kila aina kwa jina. Hesabu miche iliyo chini ya sentimita 40, kisha ya kati ya 40 na 150, kisha inayozidi hapo. Kundi la katikati ndilo linalosema ukweli: kama miche midogo ni mingi na ya makamo hakuna, mbegu zinafika lakini kuna kinachoziua mwaka wa kwanza au wa pili. Hesabu visiki, vipya na vya zamani. Kwa miti mikubwa pima mzingo. Kwa mkoko usipime kwenye mita 1.3 kama miti mingine, bali sentimita 30 juu ya gongo la mzizi la juu kabisa, la sivyo utapima mizizi. Simika nondo moja yenye alama ili uone kama tope linapanda au linashuka. Chimba shimo la sentimita 30, acha maji yajikusanye, pima chumvi yake kama kipimo kipo. Piga picha kutoka pembe ileile, kuelekea upande uleule.

Watu watatu humaliza kiwanja kimoja ndani ya kupwa moja. Mahali palipopandwa wairudie kazi hiyo mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, wa 12, wa 24 na wa 36. Msitu wa asili mara moja kwa mwaka inatosha. Wasiandike miche hai pekee. Waandike na chanzo cha kifo: iliyoguguniwa, iliyofukiwa, iliyobebwa, iliyokauka, iliyokatwa, iliyolemewa na viumbe wenye magamba wanaojibandika kwenye kijiti. Chanzo hicho ndicho kinachosema kosa lilikuwa la kimo, la mahali au la ulinzi.

Anayesema vijiji vyetu haviwezi kazi hii hajaangalia nyuma ya mgongo wake. Mwaka 2009 misitu ya vijiji Kilwa, yenye mpingo, ilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayosimamiwa vizuri, na cheti hicho hakitolewi bila watu kupima miti na kuandika. Kenya, huko Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ukaa ya hekta 117 za mikoko tangu mwaka 2013, na fedha huingia kwa sababu kuna viwanja vinavyopimwa. Sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko imo kwenye tope, si kwenye majani, na mnunuzi hataki kusikia miche mingapi ilichomekwa siku ya sherehe.

Basi mfadhili, halmashauri au kampuni inayotaka kurudisha mikoko kati ya Somanga na Msimbati iandike mkataba upya. Kwanza kitolewe kiasi cha kuchunguza eneo, kabla ya kununua mbegu, na ripoti ya uchunguzi huo iruhusiwe kusema "hapa pasipandwe". Theluthi moja ya malipo ya kikundi itoke miche ikishachomekwa. Theluthi ya pili itoke mwezi wa 12, kwa kadiri ya miche iliyo hai ndani ya viwanja. Ya mwisho itoke mwezi wa 24, baada ya hesabu kufanywa na wahesabu wa kijiji jirani, si wale waliopanda, na nakala za daftari zibaki tatu: ofisi ya kijiji, BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za ufukweni) na ofisa misitu wa wilaya.